Sigara Iliyokosa Nchi

Busia, upande wa Uganda

Mke wangu mpenzi, Mama Rehema,

Hamjambo huko Kwale? Goti la mama limepata nafuu? Mimi mgongo unaniuma kama mpakuzi yeyote wa magunia, lakini leo nacheka, nawe utacheka.

Unajua nilivyongoja kuandikwa kazi ya kudumu hapa ghalani. Basi msimamizi wetu, mama mmoja wa Tororo asiyependa mchezo, akatutangazia kwamba sheria inakataza sigara kazini na popote penye watu wengi, hata nje mlangoni. Atakayekamatwa asahau kuandikwa.

Mwenzangu Wafula akaninong'oneza, "Mswahili, hiyo ni sheria ya Uganda. Twende pale katikati ya mageti mawili ya mpakani. Pale si Uganda, si Kenya. Nani atatukataza?"

Nami na mvi zangu nikaona ana akili.

Tukawasha. Sijavuta hata mara ya pili, askari wa Kenya huyo! "Zimeni! Hamwoni foleni ya watu?"

"Afande, hapa si Kenya," Wafula akajibu.

Askari wa Uganda naye akafika. "Hata kwetu nakataza. Hawa watu yako, chukua."

"Wangu? Si wametoka kwako!"

Akina mama wauza ndizi wakashangilia, "Wamekosa nchi hao!"

Mara nikamwona msimamizi anavuka kutoka Kenya na sukari aliyonunua. Nikaitumbukiza sigara mfukoni mwa shati, lile la buluu ulilonishonea, nikamwamkia kwa adabu zote. Akanitazama kifuani.

"Sebo," akaniita, yaani bwana kwa lugha ya huku, "mfuko yako napika nini?"

Nikaanza kujipiga kifua kama mwehu, Wafula akanimwagia maji ya wauza ndizi. Msimamizi alicheka mpaka akashika geti. "Kazi yako iko, Mswahili. Lakini shati hii utavaa kila siku. Nikisikia moshi tena, unarudi kwenu."

Tangu hapo sijavuta. Hamu ikija natia kidole kwenye tundu lililochomwa shatini, naona aibu, inapita. Na jana ameniandika! Wafula bado anachunguzwa kama ameacha sigara.

Msalimie mama, na dada yangu anayekaa pale kisimani. Kaka yako Juma, anayevuta sebuleni akisema hata mwenye nyumba huvuta, mwambie mwenye nyumba ameacha, atoke nje. Na nikija likizo, tafadhali, usilitie kiraka shati langu.

Mumeo akupendaye,
Baba Rehema