Pipi ya Daktari wa Macho

Shoga, uko hapo? Nimeaibika mwenzio!

Nimetoka kwa daktari wa macho. Nilimwapia kuwa macho yangu mazima, kisu sitaki. Binti wa watu akafungua jicho la plastiki, akalipanga mezani vipande vipande.

"Bibi, mwanga unapitia hapa kwenye mboni. Nyuma yake kuna lenzi, inatakiwa ing'ae kama kioo. Yako ina mtoto wa jicho, imekuwa kama dirisha lenye mvuke. Picha haifiki vizuri ukuta wa nyuma."

Mimi macho yangu yako kwenye pipi pale mezani. Nikasema moyoni, mtoto huyu kalelewa, kanikaribisha. Nikaitia mdomoni.

Mdomoni, shoga! Nikaimung'unya!

"Bibi… hiyo ndiyo lenzi."

Mkwe wangu aliyenisindikiza akakimbilia nje kucheka. Mimi naitema kwenye leso, bado nabisha: "Nilijua!"

"Basi tupasue lini, bibi?"

Nikasema Jumatatu. Ningebisha nini tena, na ushahidi uko kwenye leso?

Nawe usicheke sana. Juzi ulilisalimia koti langu kwenye kamba, ukaliuliza wajukuu hawajambo. Jumatatu nakupitia, twende wote. Na mezani usiguse kitu!