Ganzi ya Mkono wa Kulia

Jumanne, Njombe

Na bado nasema ni baridi. Wiki nzima vidole vya mkono wa kulia vina ganzi, na mke wangu akiuliza namjibu, "Si unaijua Njombe?"

Kocha wetu wa kunyanyua vyuma ndiye aliyeniudhi jana. Nilimwonyesha mkono ulivyojaa, akanipa kikombe cha chai. Kikaniponyoka.

"Misuli unayo, kaka," akasema. "Ulipoanza vyuma vizito, nguvu zilikuja kabla mkono haujanenepa. Zile zilikuwa neva, zinajifunza kuiita misuli yote kwa pamoja. Kunenepa kumekuja baadaye, kwa kurudiarudia. Sasa mkono mnene, nguvu zinaondoka. Misuli haiitwi. Nenda hospitali."

Nikamwambia ni baridi. Huku wote tunasema hivyo.

Leo nimepeleka viazi Makambako. Mchana jua likawaka, wapakiaji wenzangu wakavua masweta, na mimi jasho likanitoka. Nikashika gunia, tukainua. Wakapiga kelele. Gunia lilikuwa chini, vidole vyangu viko wazi, na mimi nilikuwa najua bado nimelishika.

Mke wangu amenitandikia blanketi la pili. Sijamwambia kwamba Makambako kulikuwa na jua.