Ufa Juu ya Migomba

Jumatatu, 15 Aprili
Nimechuma chai nusu gunia tu. Vidole vimekufa ganzi. Siku ya tisa ya mvua.
Mama mkwe alishuka kutazama chemchemi, akarudi amenuna. Maji yamegeuka mekundu na yamepungua, pamoja na mvua hii yote. Anasema zamani wakiona hivyo walihama mteremko siku hiyo hiyo, wakapanda na mbuzi hadi kwenye mwamba. Nyumba zilikuwa za fito na udongo, kujenga upya ni kazi ya siku chache. Sisi tuna matofali. Nani atayabeba?

Jumatano, 17 Aprili
Kuna ufa ardhini, juu ya migomba yangu. Unaelekea kwa shemeji Nyakundi, lakini upande wake matete yameuficha. Asubuhi uliingia vidole. Jioni, mkono mzima. Naogopa.
Nyakundi na mimi hatuongei tangu mwaka jana, sababu ya mpaka wa shamba. Nilimwambia mkewe, Kemunto, amfikishie habari. Ningeweza kwenda mwenyewe. Si mbali.

Alhamisi, 18 Aprili
Naibu wa chifu amepita. Tuhamie darasa la kanisa kule juu. Majirani wamechimba mtaro kugeuza maji, umejaa tope kabla hawajaweka majembe chini. Mume wangu yuko kazini Nakuru. Kwenye simu ameniambia nimfuate mama yake, basi.
Nyakundi amekataa. Nyumba ile aliijenga miaka saba. Mama alisimama mlangoni pake akinyeshewa.
“Mwanangu, mlima haujui kama umejenga kwa matofali.”
“Mama, nikitoka hapa nitakuwa mgeni wa nani?”
Mama alijifunga leso upya, akarudi.

Ijumaa, 19 Aprili
Tumehama kabla ya jua kutua, Sabato isitukute njiani. Mama alibomoa jiko lake mwenyewe, tukabeba mabati kichwani, hata binti yangu Faith. Watu walicheka. Kemunto amekuja na watoto. Nyakundi amebaki na ng'ombe.
Nilipita langoni kwake. Alikuwa uani. Tuliangaliana. Nilikuwa nimeuona ufa asubuhi, mbuzi angetumbukia. Sikusema kitu. Kiburi tu.

Jumamosi, 20 Aprili
Saa sita mchana, tukiimba. Mlio kama lori linamwaga kokoto, ila haukuisha. Tulitoka nje. Migomba ilikuwa inateremka imesimama wima. Kisha haikuwepo.
Nyumba yangu imeenda. Ya Nyakundi pia. Kemunto hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye maji.

Jumapili, 21 Aprili
Amepatikana. Kamba ya ng'ombe ilikuwa mkononi. Nadhani alikuwa anatoka.

Alhamisi, 25 Aprili
Mazishi. Kwetu mtu huzikwa bomani kwake. Yeye hana kwake tena. Jirani wa ukoo mwingine ametupa nafasi kando ya mahindi yake. Mama alikuwa hajalia siku zote hizi. Alilia alipoona kaburi liko kwenye shamba la watu.

Jumanne, 7 Mei
Tunajenga kwenye mwamba, kipande cha kuazimwa. Fito na udongo. Mama anatuonyesha namna ya kufunga kamba ili ukuta ufunguke haraka siku ya kuhama. Nilidhani nilikuwa najua kujenga.
Leo tukikandika nilimwambia Kemunto ukweli. Kwamba niliona ufa umepanuka, nikampita mumewe, nikanyamaza.
Alibandika tonge jingine la udongo ukutani. Halafu akasema, “Mama Faith, habari uliyonipa sikumfikishia. Niliogopa atakasirika nikitaja jina lako.”
Mikono ilijaa udongo, hatukuweza hata kufuta macho.
Mama akaita tule. Tulinawa kwenye beseni moja, tukaenda.