Njia ya Kiti Mwendo, Lufingo

Lufingo, Tukuyu
6 Aprili 2024

Dada Sophia,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Sisi huku wazima, ila mvua haitaki kukata na mama anakohoa kidogo. Singida mnaendeleaje? Wanafunzi wako wanakusumbua?

Nina habari. Kijiji kimekubali tutengeneze njia ya viti mwendo kutoka getini hadi kwenye maporomoko, pale ninapopeleka wageni. Tutaanza mvua zikiisha. Penye mwinuko mkali nitaweka vijana wa kusukuma. Tangu ajali ikuweke kwenye kiti hujashuka tena kule, na zamani ndiko ulikokuwa ukishinda. Nataka uwe wa kwanza kupita.

Mdogo wako,
Jaffari

Singida
21 Aprili

Mdogo wangu Jaffari,

Waaleikum salaam, na marahaba. Mimi mzima. Mpe mama pole, na asiende shambani na umande.

Nimefurahi, ila hao vijana waache kwao. Shuleni nasukumwa, stendi nanyanyuliwa, harusini nabebwa, na kila anayenibeba anataka nimshukuru. Njia ya kusukumwa si yangu, ni ya anayesukuma. Kabla hamjamwaga kifusi, azima kiti ukae mwenyewe. Shuka, halafu upande. Usitumie miguu.

Dada yako,
Sophia

Lufingo
30 Juni

Dada,

Shikamoo. Hujambo na baridi ya huko? Mama amepona. Nimechelewa kuandika kwa aibu.

Kiti niliazima kwa mzee mmoja wa Kyimo. Kushuka, kilinikimbia, nikaingia kwenye migomba. Kupanda, mikono iliishiwa nguvu kabla sijafika mbali. Watu walicheka sana. Mwenyekiti wetu, Mzee Gwakisa, hakucheka. Alisema, "Hebu toka, nami nijaribu." Aliishia palepale nilipoishia.

Kwa hiyo tumebadilisha. Njia itazunguka kilima polepole, moramu ishindiliwe vizuri, iwe na mahali pa kupumzikia na ukingo wa magogo upande wa bonde. Tatizo ni kwamba haitafika kwenye maji, maana chini kote ni jabali. Itaishia kwenye uwanja mdogo juu ya bonde, ukitazamana na maporomoko. Kwenye mkutano wengine waling'aka: "Njia isiyofika ni ya nini?" Wewe unasemaje?

Mdogo wako,
Jaffari

Singida
12 Julai

Jaffari,

Marahaba. Salamu nyingi kwako na kwa mama. Mimi nina mafua tu.

Chimbeni. Nitakuja likizo ya Septemba.

Dada yako,
Sophia

Lufingo
2 Oktoba

Dada Sophia,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na mafua hayajarudi. Mama anauliza mbona uliondoka likizo haijaisha. Nimwambie nini?

Nilikufokea mbele ya watu, najua. Lakini jiweke mahali pangu. Ulisema nikusubiri getini, upite njia peke yako, nikasubiri. Ukungu ukashuka. Nikaita, kimya. Nikaita tena na tena mpaka koo likakauka. Nilikimbia njia nzima nikichungulia bondeni, nikijua nitakuona huko chini. Nikakukuta pale mwisho umetulia, kanga mabegani, kama mtu aliye sebuleni kwake.

Nadhani kelele za maji zilizidi sauti yangu. Kama ndivyo, nitafunga kengele pale.

Mdogo wako,
Jaffari

Singida
15 Oktoba

Mdogo wangu Jaffari,

Marahaba. Nilifika salama, mafua yamekwisha. Mwambie mama nitarudi Desemba, na kwamba sikuondoka kwa hasira. Nilitaka tu kukaa peke yangu na jambo lile.

Njia ni nzuri. Kona ya pili inavuta kiti kuelekea bondeni, irekebisheni kabla ya mvua. Mikono iliuma, lakini nilifika.

Kengele usifunge. Tangu ajali, saa zote kuna mtu anayejua nilipo. Hata nikioga, kuna mtu mlangoni anauliza kama niko salama. Pale hakukuwa na mtu. Ukungu ulifunika maporomoko yenyewe, sikuyaona hata kidogo. Nilikuwa nasikia maji tu, na baadaye nikakusikia wewe. Nilikusikia ulipoita mara ya kwanza, na kila mara iliyofuata.

Sikutaka kuitika.

Dada yako,
Sophia