Warefu na Wafupi wa Kaseti ya Nane

Jumatatu, 13 Machi 1995

Muhanna mwenye duka kaleta mzigo mpya kutoka Dubai: kaseti nane za katuni za Kijapani. Mapanga, mazimwi, binti mwenye nywele za bluu. Kijapani kitupu, na mimi Kijapani najua "Toyota" tu. Lakini ndiyo kazi yangu. Nakaa nyuma ya pazia na televisheni yangu ndogo, mikro mkononi, nawasemea wote kwa Kiswahili. Mfalme mimi, binti mimi, farasi mimi.

Tulianza baada ya adhuhuri. Siku hizi kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje, inaingia mapema, kila mtu anataka kuwa kwake kabla askari hawajafunga njia. Ukumbi wangu wa video ulijaa. Mtaa wote wa Bwiza unapenda uongo wangu.

Kuna mataifa mawili vitani. Hawa wanakaa kwenye minara, wembamba, masikio yamechongoka. Wale wanakaa ndani ya mlima, wanene, ndevu hadi magotini. Majina yao sikuyashika. Nikawaita Warefu na Wafupi. Watu wakacheka. Halafu wakanyamaza wote kwa pamoja. Nikadhani mikro imekufa — nikaigonga!

Jumanne, 14 Machi

Waridi alinimiminia chai. Kisha: "Baba Hayat, warefu na wafupi? Hapa? Mwaka huu?"

Mke wangu ana akili za watu wawili, za pili ni zangu. Katika mji huu mtu anapimwa kwa macho kabla ya salamu: mrefu basi Mtutsi, mfupi basi Mhutu. Upuuzi. Pontien, fundi cherehani wa nyumba ya pili, ni Mhutu, na hugonga kichwa mlangoni kwangu kila akiingia. Lakini watu wameuawa kwa kipimo hicho hicho. Na mimi, Mswahili wa Bwiza, mtu wa msikiti, ambaye pande zote wananiambia "nyinyi hamumo" — nimekitangaza kwa mikro.

Jumatano, 15 Machi

Nimerekebisha. Nilisema "watu wa juu" na "watu wa chini". Mbaya zaidi! Nikajaribu "wenye masikio" na "wenye ndevu". Ukumbi ukanisahihisha: Warefu, mzee, sema Warefu.

Nikachungulia pembeni mwa pazia. Zamani walikaa wamechanganyika kama wali na maharage. Leo kuna njia katikati. Kushoto hawa, kulia wale.

Ijumaa, 17 Machi

Baada ya sala walinisubiri vijana wawili wa genge la kona. Adabu tupu. Waliuliza hali ya mama, waliuliza afya yangu. Wakauliza kama nimeiona kaseti ya nane, ile ya mwisho. Nikasema bado, iko kwa Muhanna. Wakasema sawa, hawana haraka, ila wangefurahi Warefu wakishinda. Mmoja alinipangusa vumbi begani.

Hakukuwa na vumbi.

Jumamosi, 18 Machi

Miaka kumi na miwili Pontien ananishonea kanzu, na hata siku moja hajakosa la kunitania: tumbo langu, kofia yangu, deni langu kwa Mungu. Leo alitazama viatu.

"Mi nimetumwa tu na watu wetu, mzee. Wanasema kila kaseti Wafupi wanakufa. Wanauliza wataamka lini."

Nikamwambia nafunga ukumbi, yaishe. Akasema apana, nikifunga, kila upande utasema nilijua mwisho nikauficha. Watakuja Alhamisi, siku ya kaseti ya nane. Na wale wengine watakuja. Alipotoka aligonga kichwa. Hatukucheka.

Jumapili, 19 Machi

Mjini, dukani kwa Muhanna. Milango imefungwa nusu. Tuliitazama kaseti ya nane sauti ikiwa chini kabisa. Mwisho wake: mlima unawaangukia Wafupi. Wote. Maneno naweza kuyageuza, picha siwezi. Baada ya hapo tangazo la supu, familia ya Kijapani inakula kwa furaha.

Muhanna akaniambia katuni hii mwanzoni ilikuwa mchezo wa vibonyezo, wa kuchezwa kwenye televisheni. Mpwa wake anao huko Dubai. Anayecheza anachagua upande mwenyewe. Akifa anaanza upya. Amepewa maisha matatu.

Nilimpelekea Waridi habari hiyo, nikidhani itamchekesha. Akasema, "We una moja, na umeliweka kwenye mikro."

Jumanne, 21 Machi

Risasi, mchana kweupe, karibu na soko. Mtoto wetu Hayat tumempeleka Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi yake. Waridi amefunga nguo zake na zangu, lakini hataki kuondoka bila mimi, na mimi sina namna ya kuondoka kabla ya Alhamisi.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Mlima ulikuwa mtupu. Wafupi walishahama, hakufa mtu." Niliyemwona kwenye kioo hakuniamini.

Alhamisi, 23 Machi

Naandika hapa hapa, nyuma ya pazia, ili mkono upate kazi. Mwanga unaingia kwenye ufa wa ukuta.

Ukumbi umejaa hadi mlangoni. Vijana wa kona wako mbele. Mlima ulipoanza kutikisika, kushoto wakapiga makofi. Kulia benchi likaanguka, watu wamesimama. Nikachomoa fyuzi. Mimi mwenyewe. Ninayo kiganjani. Nikawaambia umeme umekatika, naangalia. Madirisha tumeyaziba kwa magunia, kwa hiyo huko ndani hakuna anayemwona mwenzake.

Nikasema picha hairudi leo, rudini nyumbani. Mtu akajibu haina taabu, mikro ni ya betri, taja tu aliyeshinda.

Nikasema mlima ulikuwa mtupu. Nikasema tena, hakufa mtu. Sauti yangu ikatoka kama ya yule farasi.

Namsikia Pontien akiwaomba watu watoke wote pamoja, polepole. Hakuna anayetoka.

Viatu vinakuja. Vimesimama chini ya pazia, naziona ncha zake. Ni yule kijana wa adabu, aliyenipangusa bega. Anauliza mi mwenyewe niko upande gani.

Nimemwambia mimi ni wa kuwasemea tu.

"Simama kwanza, mzee. Tukuone."