Kumbe Alikuwa Ananichoma Maji

Mpendwa shangazi mshauri, shikamoo, naomba msaada wako maana hata kalamu naishika kwa shida, mimi ni msusi, nasimama mikono juu kutwa nzima, na kwa miaka mingi mwili wote unaniuma, shingo, mabega, nyonga, hata shuka likinigusa nasikia maumivu, vipimo vinatoka safi mpaka daktari mmoja akaniambia huu ugonjwa upo na unaitwa fibromialjia, akanipa vidonge na mazoezi. Mume wangu akasema vidonge vitaniharibu tumbo, dada yake ni muuguzi, atanichoma sindano za misuli hapa hapa nyumbani, basi nikaacha vidonge, na kweli shangazi, nikichomwa nalala vizuri na kuamka mwepesi, nikawa namwombea dua wifi yangu.

Jumamosi shemeji alioa, nikaingia kucheza, mume wangu akapaza sauti mbele ya ndugu zake, "Mnamwona mgonjwa wangu? Dada anamchoma maji matupu, na kapona!" Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Nikamgeukia wifi, akainama kufunga kiatu. Kesho yake maumivu yakarudi yote, na mume wangu anasema huo ndio ushahidi kwamba naigiza. Je, nina wazimu? Wifi anakuja tena Ijumaa, nifanyeje?

Msusi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako nikakimbilia glasi ya maji, nikaitazama, nikaghairi. Maji! Muuguzi mzima!

Huna wazimu. Mtu huweza kupata nafuu kwa kumwamini anayemtibu, na maumivu yake yakabaki ya kweli vile vile. Aliyeigiza hapo ni wifi yako, na sindano mkononi. Ningekuwa jirani ningemvuta sikio.

Lakini nawe umenikera. Daktari alikuamini, ukamwacha, ukakaa nyumbani uchomwe kitu usichokijua. Hukuuliza hata jina la dawa?

Ijumaa wifi akija, sindano ibaki mkobani mwake. Wewe rudi kwa daktari yule yule, umweleze yote, na hayo maji pia. Kama kuna sindano inayokufaa, ataamua yeye, na utaambiwa ni nini kabla hujachomwa. Nenda na mumeo. Mwambie akae mbele ya daktari, arudie ule utani wake wa harusini neno kwa neno. Tuone atacheka na nani.