Onyo Nililomsomea Mkwe Wangu

Kitale, Jumanne, mwezi wa sita, 1952

Mvua imenyesha tangu asubuhi na baridi ya mlimani imeniingia mpaka kwenye mifupa. Chai imepoa mezani. Sina hamu nayo.

Leo wamemleta Wekesa, mume wa binti yangu Nafula. Askari walimshika kule Kwanza na mkokoteni wa ng'ombe, umejaa mahindi ya wizi kutoka shamba la mzungu. Inspekta hajui kwamba ni mkwe wangu. Kwake mimi ni mkalimani wa polisi tu.

Nilipouona ule mkokoteni uani, niliutambua mara moja. Ni wa Simiyu, kifungua mimba wangu.

Mshikwa lazima aonywe kabla ya kuandikwa maelezo. Inspekta husema, nami nageuza kwa Kibukusu: si lazima useme lolote, isipokuwa ukitaka mwenyewe, utakalosema litaandikwa na kutolewa kortini. Hata usingizini nayajua maneno hayo.

Tangu alipe mahari, Wekesa hajawahi kuniangalia usoni, kwa heshima ya ukwe. Leo aliinua macho. "Baba, mimi nilitumwa tu. Huu mkokoteni ni wa..."

Nilimkatiza. Sheria iliniruhusu, maana alikuwa bado hajaonywa. Nikamwambia si lazima aseme lolote, na akisema litaandikwa.

Pale penye "isipokuwa ukitaka mwenyewe" nilipameza, sikupatamka.

Akainamisha kichwa. Inspekta aliuliza weee, Wekesa kimya. Hakusikia sheria pale, alisikia baba mkwe akimfunga mdomo. Wakamtia seli. Atafungwa kwa kosa la mwanangu, na Nafula ni mjamzito.

Jioni nilimkuta Nafula nje ya kituo, amelowa, ameshika chakula cha mumewe.

"Baba, si ulikuwa ndani? Amesema nini?"

"Hajasema. Ni haki yake kunyamaza."

"Na haki ya kusema je? Hiyo pia ulimwambia?"

Nilijifanya naitwa ndani.

Namwogopea Simiyu, siwezi kudanganya. Jela itammaliza, na mama yake hatanisamehe. Lakini lile swali la Nafula halijanitoka tangu jioni.

Kesho nitamwambia Inspekta huyu mshikwa ni nani kwangu, na kwamba onyo nililipunguza. Atafutwe mkalimani mwingine, Wekesa asomewe upya, lote. Kazi ikiisha, na iishe. Halafu nitapanda lori la kwenda nyumbani Bungoma, mama Simiyu ayasikie haya kwa mdomo wangu.